Baba Anauliza Tulikomea Wapi

Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako ambaye hujamwona siku nyingi ila kwenye kioo cha simu, tena nusu uso. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Ule mkono uliokuwa unamsumbua umeacha? Na wanangu je, bado wanabishana nani alale upande wa dirishani? Waambie shangazi yao anawabusu wote, hata yule anayejidai amekua.

Sisi huku tu wazima, Mungu ni mwema. Mimi kiuno kinanisema kidogo kwa kuinama juu ya meza ya pasi kutwa, lakini dobi asiyeumwa kiuno huyo ni dobi wa kwenye picha. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida, na asubuhi anakataa kama kawaida. Baba naye mzima. Habari zake ndizo zilizonikalisha leo na kalamu, kwa hiyo vuta kiti.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba umempatia Baba chumba hapo kwako na tiketi iko tayari, kwa hiyo mwisho wa mwezi nimfungashie nguo, na ufunguo wa duka lake nimpe yule muuza simu anayelitaka. La pili ulilisema kwa sauti ndogo, mpaka nikajua unalia: "Dada, Baba hanijui tena." Nami nikakuomba unipe muda, jibu litakuja kwa barua. Ulinuna. Lakini kwenye simu hunipi nafasi, unasema bila kupumua. Barua huwezi kuikatiza.

Unamjua Baba. Mtaa mzima unamwita Mzee Mkasi, na wengi hata hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Lakini mkasi wenyewe si kitu, vinyozi wenye mkono mwepesi wapo tele. Sifa ya Baba ni pale anapomfunga mtu kile kitambaa cheupe shingoni, akamgeuza atazame kioo, akauliza, "Haya, tulikomea wapi?" Na kabla hujafungua kinywa anajijibu mwenyewe, tulikomea pale mwenye nyumba wako alipogoma kuziba paa. Mtu amekaa mwezi mzima, hata hakumbuki kama aliwahi kulitaja paa. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukisema watu hawaendi pale kunyolewa, wanakwenda kusikiliza sehemu inayofuata ya maisha yao.

Sasa kuna jambo hatukukueleza vizuri. Tulikuambia Baba amechoka ndiyo maana amefunga duka. Haikuwa kuchoka, mdogo wangu. Siku ile aliingia fundi bomba, yule mrefu anayeinama mlangoni. Mkewe alikuwa amefariki, na Baba alikwenda mazishini kwa miguu yake, akashika koleo na wenzake. Basi fundi bomba akaketi, Baba akamfunga kitambaa, akasema, "Tulikomea kwenye goti la mkeo. Ile dawa ya kuchua imemsaidia?"

Fundi bomba akasema, "Imemsaidia, mzee. Siku hizi halimuumi tena."

Uungwana gani huo, jamani! Lakini kinyozi humwona mteja wake kwa kioo. Baba aliyaona yale macho kwenye kioo, na palepale akakumbuka. Akamaliza kumnyoa vizuri kabisa, akamkung'uta nywele shingoni, akakataa hela. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akaja hapa kunikabidhi ufunguo. "Nimeuweka mkasi chini," akasema. "Kinyozi anayesahau msiba wa mtu, kesho atamkata mtu sikio."

Na sisi tukafanya nini? Tukampumzisha! Weee, tulimpumzisha Baba mpaka nusura tummalize. Akiinuka kuchukua maji, "Baba kaa, nitakuletea." Akitaka kwenda sokoni, "Baba acha, jua kali." Viatu tulimfunga sisi. Mgeni akimuuliza swali, mimi nilikuwa nimeshalijibu kabla yeye hajageuza shingo. Tulimweka kwenye kiti cha mito mbele ya televisheni, chai ya sukari kijiko kinasimama, maandazi pembeni. Mchana kutwa anasinzia, usiku kucha yuko macho anazunguka sebuleni. Majirani wakipita wanatusifu, eti huyu mzee amepata watoto. Nami navimba kichwa.

Baba akawa anadidimia tunamwona. Akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akawa anaita kila mtu "wewe". Akashuka kununua sindano hapo chini, akapotea, na duka la sindano liko upande wa pili wa barabara. Ndizo siku zilezile ulipopiga simu naye akakuita kwa jina la mjomba, mara mbili, na wewe ukakata. Sikulaumu. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na simu ile, roho ilinitoka.

Nikampeleka kwa daktari. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole lakini hapindishi neno. Akampima presha, ikawa juu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kumpima. Akamchungulia masikio, akatoa nta ambayo sitaki kukueleza ukubwa wake, na bado akakuta usikivu umepungua pande zote mbili. Kumbe mengi tuliyosema Baba amesahau, Baba hakuwa ameyasikia! Mtu atakumbukaje kitu ambacho hakikumfikia?

Kisha akamuuliza anashinda akifanya nini.

"Napumzika," Baba akajibu.

"Unapumzika kutoka kazi gani?"

Baba akageuka. Akanitazama. Kisha akacheka, mdogo wangu, kicheko chake kile cha kifuani ambacho nilikuwa nimekisahau. Mimi nikashughulika na kamba ya mkoba wangu.

Daktari hakutudanganya. Alisema ubongo wa mzee haurudi kuwa wa kijana, na kwamba yapo yaliyokwisha kupotea ambayo huenda yasirudi. Lakini alisema yako mambo ya kila siku ambayo huusaidia ubaki macho. Presha ishuke na ibaki chini. Atembee. Ale mboga za majani, maharage, samaki na matunda, sukari na chumvi zipungue. Alale usiku, si mchana. Asikie vizuri. Akae na watu. Na ajifunze kitu kipya, kigumu, kitu kinachomshinda. Hapo Baba akainua kidole kama mwanafunzi. "Kinachonishinda kweli?" Daktari akasema kweli kabisa. Baba akaitikia kwa kichwa polepole, na mimi nikajua tayari ana lake moyoni.

Kesho yake nimeamka nikamkuta kakaa mezani, kaoga, kavaa viatu, kamba kazifunga mwenyewe, moja imeelekea kaskazini na nyingine kusini. Akaniomba ufunguo. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Kufagia," akasema. "Kufagia hakuhitaji kumbukumbu."

Basi akaenda. Nikamfuata kwa mbali, roho juu, najificha nyuma ya mkokoteni wa muuza mikate kama mwizi. Baba akafika kwenye kona, akasimama, akatazama huku, akatazama kule. Nikataka kukimbia nikamshike mkono. Kabla sijanyanyua mguu akasema kwa sauti, bila kugeuka, "Kama umeamua kunifuata, basi ungebeba hata ndoo." Muuza mikate alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizo za mwanzo hakunyoa mtu. Alifagia, akapangusa vioo, akatia mafuta mikasi, akarudi. Siku nyingine alipita njia ya mbele, siku nyingine njia ya nyuma penye ngazi, akinitajia akifika nyumbani kila duka alilolipita. Nikamwambia anajichosha. Akanijibu kwamba kupotea njia ndiyo kujua njia, na yeye ameshapotea ya kutosha, sasa anataka faida yake.

Nyumbani kukawa na vita vya sukari. Baba alikula chumvi nyingi maishani, kwa maana zote mbili, na kuiacha si mchezo. Lakini aliacha yeye mwenyewe kabla yangu mimi niliyekuwa nampikia. Shemeji yako alinuna siku ya kwanza alipoona mboga za majani zimejaa sahani. "Anayeumwa ni mzee, mbona nafungishwa mimi?" Sasa suruali zake zinaning'inia na anajitazama kwenye kioo kama bwana harusi. Televisheni inazimwa mapema. Simu zote zinalala jikoni, yangu pia, na ndiyo sababu siku hizi ukipiga usiku hunipati. Usije ukadhani nimekukasirikia.

Kifaa cha masikioni alichopewa kimsaidie kusikia alikikataa, akasema kinapiga filimbi. Siku aliyokubali kukivaa alikaa mezani, akainua mkono sote tunyamaze, akauliza, "Hiyo ni nini?" Ilikuwa mvua kwenye bati la kibanda cha chini. Akasema alidhani siku hizi mvua hazinyeshi. Nilienda kukatakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Sasa ngoja nikuambie kile kitu kipya, kinachomshinda. Kaa vizuri usianguke. Baba anajifunza kusuka! Kusuka nywele, mdogo wangu, mistari! Unamkumbuka yule msusi wa chumba cha pili kutoka dukani kwa Baba, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika? Baba alimwendea, akavua kofia, akamwambia, "Mama, maisha yangu yote nimekuwa nikiondoa nywele kwenye vichwa vya watu. Nifundishe kuziacha."

Yule mama alidhani anatongozwa. Alipoelewa, akamfungia kwenye msumari dekio jipya lenye nyuzi ndefu, akamwambia aanzie hapo. Baba akasuka dekio asubuhi hadi adhuhuri. Yule mama anapita nyuma yake: "Hapo umeruka, mzee. Fumua." Baba anafumua. "Umeruka tena. Fumua." Anafumua. Vidole vilivyoshika mkasi miaka yote vikawa vizito kama vya mtoto, na hakukasirika hata siku moja. Mimi ningelitupa dekio dirishani. Nilimuuliza kama haoni aibu watu wanavyochungulia. Akasema aibu aliimaliza yote siku ya fundi bomba, haikubaki hata ya kuazima.

Akahamia kwenye kichwa cha binti yangu. Haki ya nani, mara ya kwanza mtoto alitoka mle ndani kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi! Akajifunga kitambaa akaenda chuo hivyohivyo, hakumwambia babu yake neno. Mara ya tatu mistari ikakaa. Wiki iliyopita msusi akawa na wateja wengi, akamwita Baba ashike upande mmoja wa kichwa cha mteja. Baba alirudi nyumbani anatembea kama askari wa gwaride.

Lakini lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa letu sisi. Baba alitupa sheria moja ya mezani. Kila jioni atatuambia habari alizozisikia mchana, nani kasema nini na waliishia wapi, na akikwama, hakuna kumdokeza. "Msinitafunie," akasema. "Meno ninayo." Mdogo wangu, hujui uchungu wa kukaa na jibu mdomoni. Baba kakwama, anatazama mezani, shemeji yako kijiko hewani, mimi nimejikanyaga mguu mwenyewe chini ya meza. Wakati mwingine neno lilikuja. Wakati mwingine halikuja, naye akasema, "Hili limekwenda," akaendelea na chakula chake bila kujionea huruma. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu baba yangu upya. Mtu kuona kabisa kile kinachomponyoka, na bado kesho akarudi kukishika!

Akaanza kunyoa tena, mmoja mmoja. Halafu siku moja nilikuwa dukani nimepeleka taulo na vitambaa nilivyopiga pasi, mlango ukaingiwa na giza. Fundi bomba. Nywele zimemjaa, ndevu zimefika kifuani, inaonekana hakuwa amenyolewa kwingine tangu ile siku. Akasimama hajui aingie au arudi.

Baba akazima redio. Akamketisha, akamfunga kitambaa, hakumuuliza lile swali lake. Akamtazama kwenye kioo, akasema, "Mkeo nilimzika na wewe, kisha nikakuuliza habari za goti lake. Nisamehe. Leo nisimulie habari zake, nami nitazishika."

Fundi bomba alisimulia kuanzia nywele za utosini mpaka ndevu zikaisha. Nilimaliza kupanga taulo nikaanza kuzipanga upya.

Sasa sikia. Mwezi ukaisha, akarudi. Nami nilikuwepo, na safari hii sikuwepo kwa bahati, nilikuwa nimemwona kwenye foleni nikaja. Baba akamfunga kitambaa. Akamgeuza atazame kioo. Akashika kitana. "Haya," akasema. "Tulikomea..."

Akakwama.

Mkono uko hewani na kitana. Mteja aliyekuwa anasoma gazeti kwenye benchi akaacha kusoma. Nikamtazama fundi bomba kwenye kioo, nikaona anajua, jibu analo, na hakulitoa. Alimwachia Baba nafasi kama vile Baba alivyokuwa amemwachia yeye. Mimi nilikuwa naomba dua zote ninazojua na nyingine nikitunga.

"Tulikomea," Baba akasema, "siku mliponunua kitanda. Kikapita ngazini, kikapita ukumbini, kikagoma mlango wa chumbani. Mkalala ukumbini wiki nzima na wageni wanaruka miguu yenu."

Fundi bomba alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Akacheka na machozi, akampiga Baba begani, akasema, "Ndipo hapo, mzee! Ndipo hapo hasa!" Mimi nilitoka nje, nikajiegemeza ukutani pale penye tangi la maji, nikalia kwa sauti bila kujali nani anapita. Msusi akanikimbilia akidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu. Nilimpenda Baba siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda.

Usidhani nakupikia hadithi tamu. Juzi kaacha birika kwenye jiko mpaka likaungua, tukabaki na nyumba inanuka chuma. Dawa za presha anazichukua kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku, maana bila hicho angezinywa mara mbili. Ufunguo unaning'inia shingoni. Kuna asubuhi ananitazama kidogo kabla hajaniita, na katika kidogo hicho mimi nazeeka. Daktari anasema tuendelee, na kwamba hakuna ajuaye ni kwa muda gani. Huenda ikaja siku asinijue hata mimi ninayempigia pasi mashati. Nimelitazama jambo hilo usoni na sikimbii.

Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba anaishi. Ana vichwa vya kunyoa, ana dekio la kusuka, ana mwanamke wa jirani wa kumwambia fumua. Kila jiwe la njia ile linamsalimia. Ukimpeleka huko kwako, kwenye chumba kizuri chenye joto na wewe kazini kutwa, utamrudisha kwenye kile kiti cha mito tulichomtoa. Najua ni mapenzi, mdogo wangu, na najua ulitafuta chumba hicho kwa jasho. Nasi tulimpumzisha kwa mapenzi hayohayo. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Muuza simu nimeshamwambia atafute mlango mwingine. Ukikasirika, kasirika, mimi ni mkubwa wako na nilikubeba mgongoni.

Tena kwa kuwa nimeshaanza kukugombeza, nimalizie kabisa. Wewe mwenyewe presha umepima lini? Unafanya zamu za usiku ghalani, unakula umesimama, unalala vipande vipande, unatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Wifi ameniambia, usimnunie. Hii habari haianzi mtu akishapita sabini. Nenda ukapime, na ukishapima nipigie kabla simu haijaenda kulala jikoni. Shuka na watoto mtembee jioni. Jifunze kitu kinachokushinda. Kwa mfano, kunyamaza mwenzio akizungumza.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie nguo alizonitumia zimenikaa. Nisalimie wanangu mmoja mmoja, nisisikie umewajumlisha. Msalimie na yule jirani yako mstaafu anayekulindia watoto, Mungu amlipe. Shemeji yako anakusalimu, binti yangu anakusalimu, msusi anasema anakusalimu ingawa hujawahi kumlipa ule mwavuli wake uliouvunja. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe usingizi na afya, akurudishe salama pale ulipotokea.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshaanza kukunja karatasi, Baba akapita na kitana chake sikioni. Nikamwambia tu, "Namwandikia mdogo wangu." Sikuongeza kitu. Sikumdokeza, naapa. Akasimama, akashika kiti. Mimi nikashika kalamu kwa nguvu, maana maneno yako yalikuwa masikioni mwangu, kwamba hakujui.

Akasema: "Tulikomea asubuhi ya safari yake. Upande wa kulia nilikuwa nimeumaliza. Niko upande wa kushoto, nyuma ya sikio, pale penye kovu alilolipata kwenye bembea. Akaniambia, Baba, kuna jambo nataka kukuambia. Teksi ikapiga honi. Akanibusu mkono, akakimbia. Mpaka leo sijajua ni jambo gani."

Kisha akaniambia nikuandikie kwamba usimwambie kwa simu. Kiti kipo, uje ukae. Na upande wa kushoto bado hajaumaliza.

Mimi habari hii ndiyo naisikia leo, miaka yote hii hakuwahi kunigusia. Ni yenu ninyi wawili. Ulisema Baba hakujui tena, mdogo wangu. Haya nijibu: wewe unakumbuka ulitaka kumwambia nini?

Ni mimi, dada yako akupendaye na asiyechoka kukugombeza,

Dobi wa juu ya duka la dawa.